Bahari Sebuleni

Maji ya tangi la samaki hupungua, hayaongezeki. Hilo Esnath alielezwa na mumewe siku ileile tangi lilipojazwa: kila siku maji kidogo hupotelea hewani, chumvi ikabaki, na kazi ya mwenye nyumba ni kurudishia maji ya mvua mpaka yafike kwenye alama. Alama yenyewe ilikuwa utepe mwekundu uliobandikwa kwenye kioo. Basi Jumanne moja asubuhi, Esnath alipoingia sebuleni na ndoo yake akakuta maji yamesimama juu ya utepe kwa kidole kizima, alidhani ametanguliwa.

"Baba Lusungu, umeshaongeza maji?"

"Sijagusa," Godwin alijibu kutoka chumbani. "Si zamu yako leo?"

Esnath alichovya ncha ya kidole akaonja. Chumvi ilikuwa kali kuliko jana, ya kukwaruza ulimi. Akatazama dari: kavu. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati kama kawaida yake, lakini ndani hapakuwa na tone lililodondoka. Akafuta kidole kwenye kitenge, akabeba ndoo yake ikiwa imejaa vilevile, akarudi jikoni kuchemsha chai.

Godwin Ambindwile alikuwa fundi wa pampu. Miaka kumi na minne alifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Tanga, na baba yake alipofariki akarudi nyumbani kushika shamba la parachichi la Kyimo. Wapo wanaorudi kutoka pwani na mke wa pili. Godwin alirudi na bahari kichwani. Alikuwa akikaa mezani, chakula kinapoa, akimweleza Esnath namna matumbawe yanavyofumbua asubuhi, namna samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanavyolala katikati ya maua yenye sumu bila kudhurika. Esnath, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye kibanda mbele ya nyumba pale Msasani, mtaa wa Tukuyu, na ambaye hajawahi kuvuka Iringa, alikuwa akisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mke mwenza.

Mwaka juzi mumewe akaanza kujenga. Alivunja sakafu ya sebule akamwaga zege lenye nondo, maana tangi la lita elfu mbili lingeipasua sakafu ya kawaida. Fundi wa kuchomelea akatengeneza fremu ya chuma. Kioo kinene kama vidole viwili kikaletwa kimelazwa juu ya majani makavu ya migomba. Zikafuata pampu, taa, vipasha maji vinne kwa sababu baridi ya Tukuyu ingewaua wale samaki kwa siku moja, na jenereta nyuma ya banda la ng'ombe. Kisha Godwin akajaza maji ya mvua, akakoroga chumvi ya bahari, akapanga mawe, akangoja. Wiki nane hapakuwa na cha kutazama isipokuwa mawe na utando wa kahawia. Majirani wakapita wakicheka chinichini: Godwin amefuga mawe.

Mawe aliletewa na Ahmadi. Huyu alikuwa muuza samaki wakavu pale mjini, mzaliwa wa Tukuyu ila ukoo wake wa Pangani, na kila mwezi pikapu yake ilishuka pwani. Jiwe la mwisho alilolileta ndilo lilikuwa kubwa: ukubwa wa ndama aliyelala, rangi ya zambarau, na katikati lina tundu lililotoboka upande hadi upande kama dirisha. Wanaume wanne walilibeba.

"Hili usiniulize nimelitoa wapi," Ahmadi alisema akijifuta jasho.

Godwin alikuwa ameshapiga magoti, anapitisha kiganja juu yake polepole. Hakuuliza.

Tangu jiwe lile liingie, tangi likaamka. Matumbawe ambayo Godwin alisema hukua ukucha mmoja kwa mwaka yakakua kiganja kwa mwezi, mengine ya kijani kama majani mabichi ya chai, mengine ya waridi, yakiyumba yote upande mmoja kama watu wanaoimba. Samaki aina ya vitatange walizunguka na mistari yao ya njano. Taa zilijiwasha saa tatu asubuhi, na siku za ukungu mwanga wa bluu ulitoka madirishani ukafika mpaka barabarani. Kicheko kikaisha. Jumapili baada ya ibada watu walivua viatu mlangoni wakajaa sebuleni, na waliokuwa wapiga kelele njiani walinyamaza mara tu walipoingia. Waliondoka kwa shida. Wengine Esnath ilibidi awashike bega.

Mama yake Godwin, bibi Tusekile, aliletwa kutoka Suma aje aone mara moja na kurudi. Aliomba kiti. Hakurudi Suma tena.

"Kumbe bahali ndiyo hii," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kinyakyusa kimekijaa. "Nsuli fijo, mwanangu. Nzuri sana."

Akawa anashinda pale, mikono mapajani, kuanzia taa zinapowaka mpaka zinapozima.

Yale maji yaliendelea kupanda. Si kila siku. Godwin alisema labda utepe umeteleza, labda kipimo cha chumvi kimeharibika, akabandika utepe mwingine. Kisha ikaja harufu: harufu ya matope yaliyofunikwa na bahari yakafunuliwa na jua, ambayo Godwin aliitambua na kuivuta kwa furaha, na ambayo Esnath aliikuta ndani ya kabati la nguo, ndani ya unga, kwenye vitambaa vya wateja wake. Mteja mmoja alirudisha sare za kwaya akisema zinanuka kama soko la samaki. Esnath alizifua mara tatu. Zilipokauka kwenye kamba zilikuwa ngumu, zina vumbi jeupe kwenye mishono.

Mwezi wa nne walifiwa Kyimo, wakaenda wote watatu, Lusungu akiwa shule ya bweni, kulala matanga siku mbili. Bibi Tusekile alilazimika kuinuliwa kwenye kiti. Waliporudi mchana wa siku ya tatu, zulia la sebuleni lilikuwa limelowa mpaka mlango wa chumbani, na paka wa jirani alikuwa amelala chini ya meza, manyoya makavu kabisa, mdomo wazi, maji yakimtoka. Lakini tangi lenyewe lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, halijapungua hata kijiko. Samaki wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamebanana kwenye kioo cha mbele, vichwa vyao vimeelekea kwenye kile kiti.

Godwin hakumwona paka. Hakuvua hata koti la msibani. Alivuta kiti akakaa, akatazama. Esnath, aliyekuwa amepiga magoti na tambara akikamua maji kwenye ndoo, akainua kichwa akaona jambo: kadiri mumewe alivyokuwa akitazama, maji yalikuwa yakishuka. Kidole. Viwili. Yalishuka taratibu mpaka kwenye utepe, yakatulia, na samaki wakatawanyika kwenda kwenye shughuli zao.

"Godwin," alisema kwa sauti ndogo. "Hili linataka kutazamwa."

"Nani asiyetaka?" Godwin alijibu bila kugeuka.

*

Aliyeita mchungaji alikuwa Esnath. Mchungaji Simon alikuja Alhamisi saa kumi, mtu mfupi mwenye sauti nzito, akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akasimama katikati ya sebule.

"Geukeni," alisema. "Hatusali tukiangalia samaki."

Esnath akageuka. Godwin akageuka kwa kununa. Bibi Tusekile alibaki kama alivyo, na mchungaji akamwacha kwa heshima ya uzee wake. Wakafumba macho. Mchungaji akaanza kwa Kinyakyusa, akaingia Kiswahili, sauti yake ikapanda juu ya mvua, na alipofika mahali pa kukemea, Esnath akasikia pampu zikinyamaza nyuma ya mgongo wake, moja, kisha ya pili, na katika ule ukimya harufu ya matope ya bahari ikainuka kutoka sakafuni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, ikampanda miguuni, kiunoni, puani, na sauti ya mchungaji ikaanza kulowa, maneno yake yakawa yanatoka na mapovu, yakawa si maneno tena bali ni gurugurugu ya mtungi unaozamishwa kisimani, na Esnath alipofumbua macho akamwona amesimama wima pale pale, mikono imekakamaa, maji yakimbubujika mdomoni na puani yakimwagikia shati, maji yenye mchanga, na kamba mdogo anayeonekana mpaka utumbo akirukaruka kwenye kola yake.

Hakufikiri. Alimkamata mchungaji mabega akamgeuza uso kwenye tangi.

Palepale akavuta pumzi.

Pampu zikaanza tena. Mchungaji Simon alishika ukingo wa meza, akatapika maji ya chumvi mpaka yakaisha. Hakuthubutu kuondoa macho kwenye kioo. Alitoka nje kinyumenyume, Esnath akimwongoza kwa mkono mpaka uani.

"Mama Lusungu," alinong'ona, "hiki kina kwao kilikotoka. Mtafute anayekujua huko kwao. Nami nitafunga na kuomba, lakini humo sirudi."

Ndani, Godwin alikuwa akicheka. Si kicheko cha dhihaka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri kuliko alivyotegemea.

Kesho yake, saa tisa mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye madirisha, umeme ukakatika Msasani yote. Cherehani ya Esnath ilikuwa ya kukanyaga, hivyo alitambua tu aliposikia redio ya jirani imezimika. Akaangaza macho upande wa nyumba yake. Kila nyumba ilikuwa giza. Ya kwake ilikuwa ikiwaka bluu.

Jenereta haikuwa inanguruma. Aliingia ndani akamkuta Godwin ameshika waya mkuu wa tangi, plagi yake ikining'inia mkononi, haijachomekwa popote. Taa za juu ya maji ziliwaka kuliko siku zote.

"Unaona?" Godwin alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Halinihitaji tena. Limejitegemea. Miaka yote ile hotelini nilikuwa nashughulika na maji machafu ya wageni, mke wangu. Nani alijua ningetengeneza kitu cha namna hii?"

Esnath akamgeukia mama mkwe wake. Bibi Tusekile alikuwa kitini, kidevu kimeinuka. Esnath akamwinamia amrekebishie shuka, akamwona uso kwa karibu kwa mara ya kwanza siku ile. Kope za bibi zilikuwa nyeupe. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kope za juu na za chini, imezishikiza zisikutane, na ndani yake mboni zilikuwa zimeanza kuwa na ukungu kama vioo vilivyosuguliwa na mchanga. Hakuwa akipepesa. Esnath alihesabu moyoni mpaka mia moja. Hakupepesa.

"Mama, inauma?"

"Usisimame mbele," bibi alisema. "Unanikinga."

*

Duka la Ahmadi lilikuwa karibu na soko. Esnath aliingia amelowa, hana mwavuli wala salamu.

"Lile jiwe ulilitoa wapi?"

Ahmadi alitazama mlango wa nyuma, ambako mama yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa akichambua mchele. Yule mama alikuwa ameolewa Tukuyu akiwa msichana, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kwao Pangani, na wenye asili ya pwani pale mjini walikuwa wakimwendea kwa mambo ambayo hospitali haikuyaweza.

"Mjibu mwenzio," alisema bila kuinua macho. "Nami nasikia."

"Kwenye pango," Ahmadi akasema. "Chini ya mwamba, maji ya bahari yakitoka unaingia kwa miguu. Godwin alitaka kubwa, shemeji. Kila nililoleta alisema dogo."

"Pango lina nini?" mama yake akauliza.

"Vitambaa. Vyekundu."

"Na maganda ya mayai?"

"Na maganda ya mayai."

"Uliviona vitambaa?"

"Niliviona."

"Ukafanyaje?"

Ahmadi akainamisha kichwa. "Nilivitoa, mama. Vilikuwa vimeliziba tundu."

Bi Mwanaharusi akauweka ungo chini. Kisha akafunga ushungi wake, akachukua chetezo, ubani na chupa ya marashi, akamwambia mwanawe alete gari.

Alipoingia sebuleni kwa Godwin hakufanya kosa la mchungaji. Aliketi sakafuni uso kwa uso na tangi, akafukiza, akanyunyiza marashi, akaongea kwa upole kama anayebisha hodi kwa watu wazito.

"Salaam alaikum, mwenyewe. Tumekosa. Mtoto wetu kakuhamisha bila idhini. Tumekuja kukuomba radhi tukurudishe kwenu, pangoni kwako, na haki zako tutakupa. Umenisikia?"

Samaki wakapotea wote kwenye tundu la jiwe. Matumbawe yakajikunja. Kisha bibi Tusekile, mama wa Suma ambaye maisha yake yote hakuweza kutamka neno bahari, akafumbua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha Mrima, cha pwani, laini, cha mwanamke wa makamo, chenye madaha.

"Kwetu wapi, Mwanaharusi? Kule walikonisahau? Nikiwekewa yai na marashi mara mbili kwa mwaka, wakanipa kisogo wakenda zao. Miaka saba ya mwisho hata yai sikuliona. Sasa huyu bwana kanijengea nyumba ya kioo. Kanipa jua langu mwenyewe. Kila Jumapili wanavua viatu, wanasimama mbele yangu, wanasahau watoto wao. Nirudi pangoni nikafanye nini?"

"Wataka nini basi?"

"Macho," ilisema ile sauti. "Ya huyu kizee yamekwisha. Nataka mengine."

Kichwa cha bibi Tusekile kikageuka polepole, mifupa ya shingo ikilia, kikamwelekea Esnath.

Bi Mwanaharusi alimshika Esnath mkono akamtoa nje upesi. Uani, mvua ikiwanyeshea wote wawili, akamwambia bila kuzunguka: aliyetaka kurudi kwao angerudishwa kwa maneno, huyu hataki. Chakula chake ni kutazamwa. Hatatoka mpaka aondolewe bahari yake, na atakayeiondoa asimtazame hata kwa nusu ya jicho.

"Ukimpa kisogo atakuzamisha, kama mchungaji wenu. Ukimtazama atakuchukua. Basi mwendee uso mbele, macho yamefungwa. Mimi kanijua jina, siwezi. Koki ya kumwagia maji iko wapi?"

"Chini ya fremu. Nyuma ya pampu. Bomba lake linatokea huku, kwenye migomba."

"Una nguo nyeusi?"

Esnath alikuwa na jora zima la kaniki kibandani. Alikata mapande mawili, moja la kumfunga uso, moja pana kama shuka la vitanda viwili. Aliifunga kaniki mara tatu kuzunguka kichwa mpaka hakuona hata mwanga wa mchana. Bi Mwanaharusi akamshika mabega akamweka mlangoni, akamwelekeza mbele.

Alipiga hatua kumi na moja ndani ya nyumba aliyoifagia miaka mingi, na kila hatua ilikuwa ndefu kuliko sebule ilivyo. Akagonga goti la mtu. Godwin. Alikuwa amekaa sakafuni, paji la uso limegusa kioo. Hakusogea. Esnath alimzunguka, akalala kifudifudi, akapenyeza mkono chini ya fremu kati ya waya na mabomba, akaipata koki, akaizungusha.

Maji yakaanza kukimbia kwenye bomba.

Hapo kaniki ikaanza kuwa nyepesi, au mwanga ndio ulioanza kuwa mzito, maana kupitia mikunjo mitatu na kope zake mwenyewe aliona bluu, bluu ya uzuri ambao hakuwahi kuuona hata siku alizosimama pale na wageni, na akasikia watu wakivuta pumzi kwa mshangao, watu wengi, sebule nzima, wakisema angalia, angalia pale, na katikati yao sauti ya mumewe ikimwita Esi, jina alilokuwa akimwita wakati wa uchumba wao na ambalo lilikufa alipokwenda Tanga, ikimwambia Esi nitazame mara moja tu, nimerudi, nitazame, na maji yalikuwa yakiendelea kutoka, yalitoka muda ambao ungemaliza tangi mara tano, yalikuwa yamemfika Esnath kifuani pale alipolala ingawa bomba lilikuwa likiyatupa nje, ya moto kama damu, yakamwingia masikioni na mdomoni, na kitu kama vidole vingi laini visivyo na mifupa kikamshika kaniki kwenye kisogo kikaanza kufungua fundo, kwa utaratibu, bila haraka, kama fundi anayefumua mshono.

Esnath akaachia koki kwa mkono mmoja, akashika kaniki kwa meno.

Akaishikilia hivyo, taya zikiuma, mpaka aliposikia bomba likipiga mluzi. Maji yameisha. Vidole vikamwachia. Akasimama, akatandaza lile pande pana, akaingiza mikono tangini, akalipapasa jiwe. Lilikuwa na joto, na lilikuwa likipanda na kushuka kidogo kidogo kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Akalifunika lote, akalikunja pembe kwa pembe, akafunga mafundo ya fundi cherehani ambayo hayafumuki.

Ndipo akamwita Ahmadi na wabebaji.

*

Wakaliondoa saa ileile. Bi Mwanaharusi alimwagiza mwanawe mbele ya wote: asilale njiani, asifungue, asiruhusu mtu kufungua, mpaka pangoni, na vile vitambaa vyekundu alivyovitoa ashone vipya avirudishe kwenye tundu. Ahmadi akala kiapo. Pikapu ikateremka na ukungu ukaimeza.

Bibi Tusekile alipelekwa hospitali siku hiyohiyo. Chumvi ilioshwa, kope zikafunga kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, lakini daktari alisema vioo vya macho yake vimelika na havitapona. Alilia, ila si kwa upofu. Alikuwa akiuliza kila saa kwa nini wameizima bahari. Migomba yote nyuma ya nyumba ilikauka ndani ya siku mbili, ikasimama ya kahawia katikati ya mvua.

Godwin alikuwa mzima. Alikuwa akiona vizuri. Lakini alikaa kwenye kiti cha mama yake, mbele ya kioo kitupu chenye michirizi ya chumvi, na kila Esnath alipomletea chakula alisema neno lilelile.

"Umeniulia."

"Ningekuacha ufe wewe?"

"Ndiyo," Godwin alijibu.

Jioni ya siku ya pili simu ya Esnath ikaita juu ya meza. Ahmadi. Mikono ya Esnath ilikuwa na unga, akabonyeza spika.

"Shemeji." Sauti ya Ahmadi ilikuwa ya chini, ya kutulia, kama mtu aliye kanisani. "Gurudumu lilipasuka, nikasimama hapa stendi. Watu walikuja kunisaidia kusukuma."

"Umefika wapi? Jiwe lipo?"

"Lipo. Waliuliza ni nini, mmoja akalichana kwa kisu. Sikuwahi kumzuia. Sasa wamejaa, shemeji. Mabasi yamesimama, abiria wameshuka wote. Mamia ya watu. Na hakuna anayeongea. Unasikia kulivyo kimya?"

Esnath alisikia. Stendi nzima, na hata honi haikulia.

"Ahmadi, fumba macho. Fumba macho uondoke hapo!"

"Hata maji limejipatia," Ahmadi alisema. "Yanatoka kwenye tundu, yamejaa bodi ya gari. Kumbe ni zuri hivi. Mimi nilikuwa nalibeba tu, sikuwahi kulitazama." Kisha akataja jina la mji, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni wa kumkaribisha.

Esnath akakata simu kwa kidole chenye unga.

Nyuma yake kiti kikalia. Godwin alikuwa amesimama, mara ya kwanza kwa siku mbili. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwake tayari.

"Amesema mji gani?" aliuliza kwa upole. "Sikusikia vizuri."

"Hakusema."

Godwin alimtazama mkewe usoni, muda mrefu, akitafuta. Esnath hakuinamisha macho.

Simu ikaanza kuita tena. Ilikuwa mezani katikati yao, na Godwin ndiye aliyekuwa karibu.